Kwa nini siiuzi Corolla yangu ya gia za mkono

Jumatatu iliyopita fundi wangu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, alitoka chini ya gari, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia neno nililokuwa nikiliogopa kwa mwaka mzima: giaboksi imechoka. Gia ya tatu imekuwa ikikwaruza kila ninapoiingiza kutoka ya nne, na sababu yake ni kwamba zile pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa meno ya gia kabla hayajashikana zimelika kwa umri. "Kaka, uza hiki," akasema. "Ongeza hela kidogo uchukue Toyota IST otomatiki, upumzishe mguu." Alisema kwa nia njema, na najua kwamba asilimia kubwa ya wateja wake wangekubali kabla hajamaliza sentensi. Mimi nilimwomba anipe siku chache. Andiko hili ni jibu langu kwake, na pia kwa ndugu na marafiki ambao kila mara wananiuliza kwa nini mtu anayependa magari kiasi hiki bado anaendesha Corolla ya miaka ya tisini.

Gari lenyewe ni Corolla AE100, lenye injini ya 5A-FE ya sisi (cc) 1,498, gia tano za mkono, na uzito unaokaribia kilo 1,000. Kiwandani injini hiyo ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 105, lakini kiwanda hakikuwa Mbeya. Mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini isiyo na tabo huvuta hewa nyepesi hiyo hiyo na kupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kwa hiyo ninaendesha gari lenye farasi 90 hivi, na nikipanda hadi zaidi ya mita 2,000 wanapungua tena. Hii ndiyo sababu vijana wa hapa wanazipenda sana Subaru zenye tabo, kwa kuwa tabo inaibana hewa kabla haijaingia kwenye injini na hivyo kurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mlima umekichukua. Nawaheshimu kwa hilo, na sauti ya injini ile ya silinda zilizolala nikiisikia Uhindini jioni huwa nageuka. Hata hivyo mimi sijawahi kuhisi kwamba ninachokikosa katika kuendesha ni nguvu.

Nitaeleza kwa barabara ninayoijua kuliko zote. Jumamosi nyingi huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nafika Uyole kabla malori ya Tunduma hayajaanza kupangana, kisha nakata kulia kuelekea Tukuyu. Baada ya Igawilo barabara inaanza kupanda, na pale ndipo gari na dereva wanapoanza kuzungumza. Gia ya nne inabeba kwa muda, halafu unasikia injini inaanza kulemewa, sauti yake inazama na mtetemo mdogo unaingia kwenye nyayo za miguu, nawe unajua kwamba ukisubiri sekunde mbili zaidi utaupoteza mwendo ambao hutaurudisha mpaka kilele. Unaingiza tatu, sauti inasafika, gari linapanda. Hakuna taa wala kompyuta iliyokuambia. Umesikia mwenyewe, umeamua mwenyewe, na kama umekosea mlima utakujulisha palepale.

Isyonje, kwenye kilele cha barabara hii, mara nyingi kuna ukungu, hasa Juni na Julai, na baridi inayofanya vioo vijae mvuke kwa ndani. Ukishavuka kilele hicho barabara inaanza kuteremka kuelekea Isongole, ambako kina mama wamepanga viazi kwenye ndoo kando ya lami, kisha Kiwira kwenye migomba, na hatimaye mashamba ya chai ya Tukuyu. Kona zake si za kutisha kama za mlima Kitonga kule Iringa, lakini zinafuatana kwa namna ambayo kona moja inakuandaa kwa nyingine, na dereva akishaupata mpangilio wake anaweza kwenda kilomita kadhaa bila kufanya jambo lolote la ghafla.

Nikiikaribia kona inayoteremka kushoto nikiwa kwenye gia ya nne, kwanza nakanyaga breki gari likiwa bado limenyooka, ili uzito usogee mbele na matairi ya mbele yaishike lami vizuri. Nikiachia breki nakanyaga klachi, natoa fimbo ya gia kwenye nne, na wakati inapita katikati nagusa resi kidogo mpaka sindano ipande kutoka mizunguko 2,000 kwa dakika hadi karibu 2,700. Hapo naingiza tatu na kuachia klachi. Nikipatia, abiria hatikisiki hata kidogo, na gia inaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Nikikosea, gari linashtuka, kichwa kinatikisika, nami nakumbushwa kwamba nimelidharau. Nimefanya kitendo hicho maelfu ya mara na bado nikikipatia vizuri nafurahi, nikiwa peke yangu, saa moja asubuhi, bila mtu wa kunisifu.

Aliyenifundisha ni baba yangu mdogo, ambaye alipeleka lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi. Somo lake la kwanza nililipata nikiwa bado siruhusiwi hata kushika usukani, tukiteremka Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea huku magari madogo yakitupita na kupiga honi. "Mwanangu, gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoushukia," alisema, na hakuongeza kitu mpaka tulipofika Ruaha Mbuyuni. Madereva wote wa malori wa njia ile wanalijua neno hilo. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nilipokaa na kalamu na karatasi, kwa nini ni la kweli.

Gari lililopanda limejiwekea nishati, na likiteremka lazima nishati hiyo iende mahali. Corolla yangu ikiwa na watu wawili ina uzito wa kilo 1,150 hivi. Ikishuka kimo cha mita 400, nishati inayotakiwa kuondoka inatosha kuchemsha lita 13 za maji baridi ya hapa kwetu. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, lakini kwa mwendo mdogo sehemu hiyo si kubwa, na iliyobaki ina njia mbili tu: ama izuiwe na injini iliyofungwa kwenye gia ndogo, ama igeuke joto kwenye diski na pedi za breki. Ukiweka gari huru ukateremka kwa breki peke yake, kama wanavyofanya wanaodhani wanaokoa mafuta, maana yake umeamua kuchemsha maji hayo yote kwenye vipande vinne vya chuma. Pedi zikipita joto lake zinapoteza mshiko. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea, kwa hiyo pedeli inazama hadi sakafuni wala gari halisimami. Kwenye miteremko ya Iwambi na Igawilo tumezika watu wengi, na kila ajali inapotokea maneno huwa ni yale yale kwamba breki zilifeli, kana kwamba breki hufeli zenyewe bila mtu kuzipa kazi isiyo yake.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenikuta. Miaka kadhaa iliyopita niliazima gari la rafiki yangu, otomatiki, nikaenda nalo Tukuyu na kurudi. Wiki ile ile gereji moja ilikuwa imelifungia pedi mpya ambazo, kama tulivyogundua baadaye, zilikuwa za ubora wa chini kabisa, na mafuta ya breki ya zamani yalikuwa hayajabadilishwa. Wakati wa kurudi, nikitoka Isyonje kuteremkia Igawilo, niliacha fimbo kwenye D, nafasi ya kawaida ya kwenda mbele, na kutegemea mguu wa kulia, kwa uvivu ambao nisingeuthubutu kwenye gari langu. Kabla sijafika chini nilisikia harufu ile kali inayochoma pua, na pedeli, ambayo juu ya mlima ilikuwa imara, ikawa laini kama sifongo. Nilivuta fimbo hadi 2, kisha L, ambazo ni gia ndogo, injini ikalia kwa nguvu, gari likapungua mwendo, nikasimama kwenye uwazi mbele ya duka la mbolea na kukaa pale zaidi ya nusu saa huku moshi mwembamba ukitoka kwenye rimu za mbele. Mwenye duka aliniletea kiti bila kuniuliza lolote.

Tangu siku hiyo kila mwenye gari la otomatiki ninayekutana naye namuuliza kama amewahi kuzitumia herufi na namba zilizo chini ya D, na wengi hawajawahi kuzigusa tangu wanunue gari. Ziliwekwa pale kwa ajili ya barabara kama zetu. Anayeishi Kigamboni anaweza kuzisahau. Anayeishi Mbeya, Njombe au Iringa hana ruhusa hiyo.

Sasa nije kwa shemeji yangu, kwa kuwa yeye ndiye mpinzani wangu mkubwa katika mjadala huu na ninampenda. Yeye ana Crown yenye injini ya V6 ya lita mbili na nusu, otomatiki, gari zuri la zaidi ya kilo 1,500, lenye ukimya ndani unaokuwezesha kusikia saa ya mkononi. Likipakia watu wanne, kile kimo cha mita 400 kinalidai lita zaidi ya 20 za maji ya kuchemsha, ndoo nzima, lakini hilo si kosa lake. Tulisafiri nalo hadi Dar es Salaam mwaka jana, kilomita zaidi ya 800, na nilishuka mgongo ukiwa hauna malalamiko, jambo ambalo Corolla haijawahi kunifanyia. Mtu akiniambia kwamba kazi yake ni kwenda Dar kila mwezi, namwambia anunue Crown kama uwezo upo, na asinisikilize tena.

Lakini nilipoliendesha Crown hilo katika barabara yangu ya Tukuyu, nilifika Kiwira na kugundua kwamba sikumbuki kona hata moja. Gari lilichagua gia, likaficha mlio wa injini, likameza mashimo, likaugeuza usukani kuwa mwepesi hivi kwamba kidole kimoja kilitosha. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva lakini nimesafirishwa kama abiria. Hapo ndipo nilipopata maneno ya jambo nililokuwa nikilihisi kwa muda mrefu: raha ya kusafiri na raha ya kuendesha ni raha mbili tofauti, na fedha nyingi tunazotumia kwenye magari zinanunua ya kwanza huku tukidhani tunanunua ya pili. Shemeji aliponiuliza nimelionaje, nilimwambia ukweli kwamba ni gari bora kuliko langu, na kwamba nisingebadilishana naye. Aliniangalia kama mgonjwa.

Wazee wetu walilijua hili bila kulisemea. Gari walilolitamani walipokuwa vijana ni Peugeot 404, yenye injini ya lita 1.6 na gia za mkono zinazoingizwa kwenye usukani, na sifa zake hazikutoka kwenye matangazo ya redio peke yake. Katika Safari Rally, mbio ngumu za magari zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na mwaka 1968 matope na mafuriko yaliacha magari saba tu yakifika mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Hilo halikuwa gari lenye nguvu kuliko mengine. Lilikuwa na chasisi inayosamehe, springi zenye mwendo mrefu, na dereva aliyeweza kuhisi udongo unaanza kuteleza kabla haujamtupa. Mpaka leo mzee wa Tukuyu akikusimulia 404 hakuambii ilikuwa na farasi wangapi. Anakuonyesha kwa mkono jinsi ilivyokuwa ikikaa kwenye tope.

Wajapani wa Mazda walilijua pia walipotoa MX-5 mwaka 1989, kigari cha viti viwili chenye uzito wa chini ya tani moja na injini ya kawaida kabisa ya lita 1.6. Mwaka 2016 walitengeneza la milioni moja. Sijawahi kuliendesha na huenda nisiliendeshe kamwe, kwani lingegusa tumbo kwenye tuta la kwanza la Mbalizi, lakini lipo kama ushahidi kwamba si mimi peke yangu ninayeamini kuwa wepesi una ladha yake.

Kinachonisikitisha ni kuona vijana wenye magari mepesi mazuri wakiyaharibu ili yafanane na picha. Wanakata springi ili gari likae chini, halafu shokapu zinakosa nafasi ya kufanya kazi na gari linarukaruka kwenye kila kiraka. Wanafunga rimu kubwa zenye matairi membamba kama ukanda, na shimo la kwanza pale Nzovwe linapinda rimu. Kisha matairi hayo mengi ni mtumba yaliyokaa ghalani mpaka mpira ukawa mgumu. Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukiona hivyo muuzaji akisema ni jipya kwa kuwa kashata zake (mistari ya mpira inayoshika barabara) hazijaisha, mrudishie. Mpira mkavu wa namna hiyo asubuhi ya baridi na lami yenye unyevu haushiki, hata uwe na gari la aina gani. Mimi nina rimu za inchi 14, matairi ya kawaida niliyoyanunua mapya, na fedha niliyoiokoa niliiweka kwenye bushi, shokapu na mafuta ya breki ninayobadilisha kila baada ya miaka miwili. Kwa barabara zetu sijui matumizi mengine ya fedha yanayorudisha raha nyingi hivyo.

Watu pia hudhani kwamba anayesifu kuendesha anasifu mwendo kasi. Vijiji vimepangana kuanzia Uyole hadi Tukuyu, na kibao cha 50 kina sababu, nayo ni watoto wa shule wanaotembea ukingoni mwa lami asubuhi ile ile ninayoipenda. Gari dogo linakupa kila kitu ukiwa kwenye 50 au 60, kwa sababu unalisikia. Gari kubwa lililojaa ukimya linaanza kukupa hisia ukiwa umeshafika 120, na kwenye 120 katika barabara hii hakuna nafasi ya kukosea mara mbili.

Jana nilirudi gereji. Nilimwambia fundi kwamba naelewa hesabu yake, kwamba IST haina neno na ingekula mafuta kidogo, lakini kwamba mguu wangu wa kushoto haujaomba kupumzika. Alicheka, akaenda nyuma ya banda, akarudi amebeba giaboksi aliyokuwa ameitoa kwenye Corolla nyingine iliyogongwa nyuma huko Mafinga. Tukaigeuza juu ya gunia, akaniwekea mkono wangu kwenye fimbo ya kuchagulia gia, nikaisogeza mwenyewe. Ya tatu iliingia kwa mlio mdogo wa chuma safi. Tumekubaliana bei, nimeacha nusu, na Ijumaa ijayo itafungwa pamoja na diski mpya ya klachi. Mvua isiponyesha, Jumamosi saa moja kasoro nitakuwa Isyonje.